Mwongozo kamili: jinsi ya kuanza uzazi wa mpango baada ya mimba kutolewa au kuharibika

Kosa linalojirudia ni hili: mwanamke anaambiwa, "Rudi ukishaona hedhi, ndipo tukupe njia." Anaondoka na nia njema na kadi ya miadi mkononi. Wiki zinapita, hedhi haiji, na kumbe mimba nyingine imeshaingia.

Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Baada ya mimba kutoka, yai linaweza kupevuka mapema hata siku ya 8, na kwa wanawake wengi hupevuka ndani ya mwezi wa kwanza. Hedhi ya kwanza kwa kawaida huonekana kati ya wiki ya 4 na ya 8. Yai hutangulia, damu hufuata. Anayengoja damu ili aanze kujikinga ameshapitwa na siku zake za hatari bila kujua.

Hatua zilizo hapa chini ni zilezile, iwe mimba ilitolewa au iliharibika yenyewe. Uamuzi wa kutumia njia, kuchagua nyingine au kutotumia kabisa ni wako. Hakuna mtoa huduma mwenye haki ya kukunyima matibabu kwa sababu umekataa kitanzi au sindano.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Tarehe mbili zilizoandikwa: siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho kabla ya mimba, na siku mimba ilipotoka. Kama ulitumia vidonge vya kutoa mimba, andika siku na saa uliyotumia kidonge cha kwanza.
- Majina ya dawa zote unazotumia sasa. Ukishindwa kuyaandika, piga picha maboksi yake.
- Kipimo cha shinikizo la damu cha siku hiyohiyo.
- Orodha fupi ya njia ulizowahi kutumia na sababu ya kuziacha.
- Kondomu za kutosha wiki mbili.
- Dozi moja ya vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ya kuweka nyumbani.
- Kalenda, ya karatasi au ya simu.

Usidharau orodha ya njia za zamani. Ndiyo inayomwonyesha mtoa huduma kilichokukwamisha mara ya mwisho.

## Hatua ya 1: Amua kabla ya huduma kuanza

Zungumza kuhusu njia kabla ya kutumia kidonge cha kwanza au kabla ya kupanda kitandani kwa ajili ya kusafishwa kizazi. Baada ya hapo utakuwa na maumivu, pengine umepewa dawa ya usingizi, na kichwani una neno moja tu: nyumbani. Uamuzi wa saa hiyo huwa wa kukubali chochote au kukataa kila kitu.

Uliza maswali matatu kwa uwazi: "Njia gani zipo hapa leo? Naweza kuwekewa leo hii? Nani ataniwekea?" Kigezo kimoja kikubwa kinachoamua kama mwanamke ataondoka na njia huwa ni umbali kati ya chumba cha matibabu na chumba cha uzazi wa mpango. Panapotolewa vyote pamoja, wengi huanza. Panapohitaji kurudi siku nyingine, wengi hawarudi.

Njia unayoitaka isipokuwepo, usiondoke mikono mitupu. Omba njia ya kukuvusha: vidonge vya miezi mitatu, au sindano moja, huku ukipanga siku ya kuwekewa kipandikizi au kitanzi.

Utajua umefaulu ukiwa umetaja njia moja kwa jina, na njia ya pili ya akiba, kabla huduma haijaanza.

## Hatua ya 2: Tambua kinachokuzuia

Hapa ndipo wengi hukwama, na mara nyingi si kwa kukosa elimu. Mwanamke anajua njia tano kwa majina, lakini kuna kitu kimoja kinachomfunga mikono. Soma vizuizi hivi, utafute chako.

Hofu ya kutozaa tena. Ndiyo hofu kubwa kuliko zote, hasa kwa ambaye hajazaa. Kitanzi, kipandikizi na vidonge vikiachwa, uwezo wa kushika mimba hurudi bila kuchelewa. Sindano ya miezi mitatu ndiyo yenye tofauti: kwa wastani mwanamke hukawia kama miezi 4 zaidi kuliko aliyeacha njia nyingine. Kukawia huko si ugumba. Kinachoziba mirija ni maambukizi yasiyotibiwa, kwa hiyo usaha au harufu mbaya ukeni ndiyo ya kuikimbilia hospitali.

Mwenzi. Kama mnaelewana, njoo naye asikie mwenyewe. Wanaume wengi hupinga kwa sababu habari zote wamezipata kwa marafiki. Kama kumwambia kutakuletea kipigo au fujo, una haki ya kutomwambia, na mtoa huduma anapaswa kulijua hilo mapema. Sindano haiachi alama. Kitanzi hakionekani, na uzi wake unaweza kukatwa mfupi zaidi ukiomba. Kipandikizi hupapaswa kwa urahisi chini ya ngozi ya mkono, na vidonge huonekana kwenye mkoba. Fikiria na damu pia: njia inayokubadilishia hedhi inaweza kukufichua hata kama yenyewe imejificha. Kadi ya kliniki iache kituoni.

"Tumeachana, sitahitaji." Ni jibu la kweli siku hiyo, na mtoa huduma hapaswi kukubishia. Ila watu hurudiana. Chukua kondomu na vidonge vya dharura, ujue na mahali pa kurudi.

Njia iliyokuangusha. Kama mimba iliingia ukiwa unameza vidonge, usipewe vidonge vilevile bila kuulizwa ilikuwaje. Ulisahau? Viliisha, ukakosa vingine? Ulikuwa ukitapika? Anayesahau anafaa njia isiyohitaji kukumbukwa kila siku. Aliyekosa dawa anafaa kupewa pakiti nyingi kwa mara moja.

Maudhi ya zamani. Damu isiyoeleweka, kuongezeka uzito, kichwa. Sema jina la njia na kilichotokea. Aliyechoshwa na damu ya sindano anaweza kutulia kabisa kwa kitanzi cha homoni.

Mtoa huduma mwenyewe. Wapo wanaomwambia msichana kwamba kitanzi ni cha waliozaa, au wanaodai cheti cha ndoa. Umri mdogo, kutoolewa, au kutokuwa na mtoto si sababu ya kitabibu ya kunyimwa kitanzi wala kipandikizi. Wapo pia wanaomsukumia kila mwanamke kipandikizi kwa sababu "ndicho kinachofanya kazi." Njia uliyolazimishwa ndiyo utakayokuja kuitoa baada ya wiki sita.

Kutaka mtoto karibuni. Shirika la Afya Duniani hushauri kungoja angalau miezi 6 baada ya mimba kutoka kabla ya kubeba nyingine. Kama huo ndio mpango wako, vidonge au kondomu vinatosha. Epuka sindano, kwa sababu ya ule ukawiaji.

## Hatua ya 3: Linganisha njia na mwili wako

Kati ya wanawake 100 wanaotumia njia kwa mwaka mmoja, kwa matumizi ya kawaida yenye kusahau kwake, wanaopata mimba ni takriban hawa:

- Kipandikizi na kitanzi: chini ya 1
- Sindano: 4
- Vidonge: 7
- Kondomu ya kiume: 13
- Mwanamume kuchomoa: 20

Tofauti hiyo haitokani na ubora wa dawa iliyomo. Inatokana na mara ngapi njia inakutaka ufanye kitu.

Muda nao una uzito wake. Kipandikizi hudumu miaka 3 au 5 kulingana na aina. Kitanzi cha shaba aina ya TCu380A hudumu miaka 10 na zaidi.

Kisha angalia afya yako. Vidonge vyenye homoni mbili havikufai kama shinikizo la damu ni 140/90 au zaidi, kama unavuta sigara na umefikisha miaka 35, kama umewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni, au kama una kipandauso kinachotanguliwa na mimuliko machoni. Hapo chagua vidonge vya homoni moja, kipandikizi au kitanzi.

Kuhusu dawa: rifampisini ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, hupunguza nguvu ya vidonge na ya kipandikizi. Efavirenzi, dawa ya VVU, pia hupunguza nguvu ya kipandikizi. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriki. Lakini viuavijasumu vya kawaida unavyopewa baada ya kusafishwa kizazi, mfano doksisaiklini, metronidazoli au amoksilini, havipunguzi nguvu ya njia yoyote. Wanawake huacha vidonge vyao "mpaka dozi iishe" kwa kudhani vinagongana, na wiki hiyo ndiyo inayowaponza. Endelea na vyote viwili.

## Hatua ya 4: Anza kwa wakati unaolingana na namna mimba ilivyotoka

Kama ulisafishwa kizazi kwa kifaa. Karibu njia zote zinaweza kuanza siku hiyohiyo. Kitanzi kinaweza kuwekwa palepale kabla hujashuka kitandani, mradi hakuna maambukizi. Hilo hukuepusha kupimwa kwa mara ya pili. Kama mimba ilikuwa imevuka wiki 12, uwezekano wa kitanzi kutoka chenyewe ni mkubwa kidogo. Hiyo ni sababu ya kukikagua, si ya kukikataa.

Kama ulitumia vidonge vya kutoa mimba. Kipandikizi, sindano na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuanza siku ileile ya kidonge cha kwanza. Huna haja ya kungoja damu ikome. Angalizo moja ni kuhusu sindano ya miezi mitatu: ikichomwa siku moja na mifepristoni, yaani kile kidonge cha kwanza, huongeza kidogo uwezekano wa mimba kutotoka. Inaruhusiwa, ila ujue hilo na ufuatilie dalili za mimba kwa makini zaidi. Kitanzi huwekwa baada ya kuthibitika kwamba mimba imetoka. Usibuni hilo mwenyewe kwa kuangalia wingi wa damu.

Kama kuna maambukizi, yaani homa, usaha, au tumbo linalouma likiguswa. Kitanzi na kufunga mirija vinasubiri mpaka upone. Kipandikizi, sindano na vidonge vinaweza kuanza leo wakati unatibiwa. Kama mlango wa kizazi ulichanika au kizazi kilitoboka, kitanzi kisubiri pia.

Kuhesabu siku hakufai sasa hivi, kwa sababu mzunguko umevurugika. Subiri hedhi irudi na kuzoea mpangilio wake. Kiwambo cha ukeni, yaani kikombe laini kinachofunika mlango wa kizazi, kwa mimba iliyovuka wiki 12, kingoje wiki 6.

Onyo kuhusu kipimo cha mimba: kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki 4 au zaidi baada ya mimba kutoka, kwa sababu homoni hupungua polepole. Mwanamke aliye ndani ya siku 7 hahitaji kipimo ili aanzishiwe njia. Ukirudishwa nyumbani kwa sababu "kipimo bado kinasoma", eleza tarehe yako na umwombe mtoa huduma mwingine akusikilize.

## Hatua ya 5: Hesabu siku 7

Ukianza njia ya homoni ndani ya siku 7 tangu mimba itoke, unalindwa mara moja na huhitaji kinga ya ziada. Ukianza baada ya siku 7, na una hakika hujashika mimba nyingine:

- Sindano, kipandikizi, kitanzi cha homoni, vidonge vya homoni mbili: tumia kondomu siku 7.
- Vidonge vya homoni moja: tumia kondomu siku 2.
- Kitanzi cha shaba: hakihitaji nyongeza.

Kama tayari ulikutana na mwanamume bila kinga baada ya siku 7 hizo kupita, nenda mapema. Vidonge vya dharura vya levonojestreli hufanya kazi vizuri ndani ya saa 72. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 ndicho chenye nguvu zaidi, na unabaki nacho.

Hakuna njia kati ya hizi, isipokuwa kondomu, inayokukinga na magonjwa ya zinaa.

## Hatua ya 6: Thibitisha kwamba njia ipo na inafanya kazi

Kipandikizi. Kabla ya kufungwa bandeji, peleka vidole viwili upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Utahisi kijiti kama njiti ya kiberiti chini ya ngozi. Kama ni aina ya vijiti viwili, hesabu viwili. Usipohisi kitu, sema kabla hujatoka chumbani.

Kitanzi. Baada ya hedhi ya kwanza, nawa mikono, chuchumaa, ingiza kidole cha kati taratibu mpaka uguse kitu kigumu chenye ulaini, kama ncha ya pua. Huo ni mlango wa kizazi. Uzi hutokea hapo, mwembamba kama uzi wa kuvulia samaki. Usiuvute. Ukikosa uzi, au ukigusa plastiki ngumu, tumia kondomu na urudi kituoni. Vitanzi vingi vinavyotoka vyenyewe hutoka katika miezi ya kwanza.

Sindano ya kujichoma. Hii ni ile ndogo ya chini ya ngozi. Tikisa kwa nguvu kama sekunde 30 mpaka dawa ichanganyike. Shika kifaa sindano ikitazama juu, sukuma kifuniko kuelekea kwenye shingo ya kifaa mpaka mwanya uliopo kati yao uishe kabisa. Mwanya ukibaki, dawa haitatoka. Bana ngozi ya tumbo mbali na kitovu, au ya mbele ya paja, choma, kisha minya taratibu kwa sekunde 5 hadi 7. Usisugue baadaye. Andika palepale tarehe ya wiki 13 zijazo.

Vidonge. Meza saa ileile, karibu na kitu unachokifanya kila siku, kama kupiga mswaki. Ukitapika ndani ya saa 2, meza kingine.

## Hatua ya 7: Vuka miezi 3 ya kwanza

Wengi wanaoacha huacha hapa, na kisa ni damu. Damu ya mimba kutoka kwa vidonge huchukua wiki mbili hivi, na matone yanaweza kufika wiki ya nne. Kipandikizi na sindano nazo huleta matone katika miezi ya mwanzo. Damu hizi mbili zikichanganyika, mwanamke hudhani njia ndiyo inayommaliza, akaomba itolewe. Weka alama kwenye kalenda: nukta kwa matone, duara kwa damu ya kawaida, msalaba kwa damu nyingi. Kalenda yenye nukta tu ni usumbufu wa kupita, na mtoa huduma anaweza kukupa ibuprofeni ya siku chache. Yenye misalaba inataka uchunguzi.

Kukosa hedhi kabisa ukiwa na sindano pia ni kawaida. Damu haijajazana popote tumboni.

Ukisahau:

- Kidonge kimoja cha homoni mbili: kimeze ukikumbuka, endelea kama kawaida.
- Viwili au zaidi: meza kimoja sasa, endelea, na utumie kondomu siku 7. Kama vilivyosahaulika ni vya wiki ya tatu ya dawa, ruka vile visivyo na dawa uanze pakiti mpya.
- Sindano ya miezi mitatu: ukichelewa hadi wiki 4, unachomwa bila masharti. Ukizidi hapo, hakikisha kwanza huna mimba.

## Dalili za kwenda hospitali bila kungoja kesho

- Kulowesha pedi 2 kubwa au zaidi kila saa, kwa saa 2 mfululizo
- Homa ya nyuzi 38 au zaidi inayoendelea baada ya saa 24 tangu utumie misoprostoli, dawa ya kutoa mimba inayofuata mifepristoni
- Uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua
- Kuzimia, au maumivu makali ya upande mmoja yenye kupanda begani: huenda mimba iko nje ya kizazi
- Ukiwa kwenye vidonge vya homoni mbili: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, au kichwa kikali chenye kutoona vizuri

Kichefuchefu na matiti kujaa vikiendelea zaidi ya wiki moja baada ya vidonge vya kutoa mimba, rudi upimwe. Huenda mimba haikutoka, na hilo halitatuliwi na njia uliyoanza.

## Ukitaka kubadili njia

Usitoe ya zamani kwanza. Anza mpya, ipe siku 7, ndipo uache ile ya awali. Anayehama kutoka kitanzi cha shaba kwenda kipandikizi awekewe kijiti leo na kitanzi kitolewe wiki ijayo. Anayetoka kwenye sindano aanze vidonge kabla wiki ya 13 haijafika. Na ukirudi kutaka kipandikizi kitolewe, kitolewe. Huhitaji kujieleza mara mbili.